Kosa Langu, Pointi Yetu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika leo. Yote mawili sikuyaomba. Dada aliyejitolea kuwafundisha wasichana wangu hesabu ametaka kila mtu kwenye timu aandike kidogo kidogo mpaka mvua ziishe, "na kocha pia." Nilimwambia kwamba kocha, yaani mimi, ana pasi, ana wateja na ana wavu uliojaa matundu. Akacheka tu. Haya, kocha anaandika, tena kwa shingo upande.

Mimi ni dobi. Chumba changu kimepakana na kiwanja ambacho hakuna anayekidai, na kila jioni nikishazima pasi natoka kufundisha mpira wa wavu. Wasichana wananiita Filimbi, na si kwa sababu ya filimbi peke yake. Wengi wao shule inawaishia mwaka huu, na nyumbani hakuna wa kuwasukuma mbele. Kipo chuo ambacho huchukua wachezaji wachache, kikawasomesha na kuwalaza bila kuwadai kitu, mradi mchezo wao uwe mzuri na alama zao zitoshe. Mchezo naumudu. Alama ndizo zilizomleta huyo dada wa hesabu.

Jumanne, 4 Machi

Kamba zote zimejaa mashati na hakuna hata moja lililokauka. Mazoezi hayakuwepo.

Alhamisi, 6 Machi

Dada wa hesabu anafanya kazi ofisi ya bima. Amekuja na viatu vyeupe, katika tope hili! Wasichana wamekwisha kumbatiza: Bi Viatu. Aliwaketisha kwenye meza yangu ya kupigia pasi, akachora pembetatu kwenye gazeti la kufungia nguo. Nilijiambia mvua ya tatu haitamkuta hapa. Watu wa kujitolea nimewaona wengi. Huja na moto, wakapiga picha, wakaondoka.

Jumamosi, 8 Machi

Jua la kuiba, tukaliwahi. Tumecheza mpaka magoti yakawa ya tope.

Bi Viatu aliketi kwenye ndoo akitazama, akaniuliza kwa nini wasichana wanapiga kelele "langu" kila mpira unapoanguka. Nikamweleza, maana hii ni sheria yangu na naipenda kuliko kikombe chochote, hasa kwa kuwa kikombe sina. Pointi ikipotea, aliye karibu na mpira anasema "langu," yaani kosa langu. Si lazima awe ndiye aliyekosea. Linasemwa upesi ili tusianze kutafutana kwa macho, mchezo uendelee. Timu nyingi nimeziona zikifa kwa macho tu, huyu anamkodolea yule. Tukipata pointi, hakuna mwenyewe. Wote husema "yetu."

"Na wanaliamini?" akauliza.

"Nini?"

"Kwamba kosa ni lao."

Nikamwambia huo ni mchezo, si mahakama.

Wawili ndio ninaowatumainia mwaka huu. Mmoja ni Mlingoti, mtoto wa dada yangu, ninayeishi naye tangu mama yake alipopata kazi mji wa mbali. Ni mrefu, akiruka anauona upande wa pili wa wavu kama anachungulia dirishani, na akipiga mpira hurudi ukiwa na harufu ya ardhi. Mwingine ni Sakafu. Huyu ni mfupi. Yeye ndiye anayevaa jezi ya rangi yake peke yake, kazi yake ni kuokoa mipira nyuma, wala haruhusiwi kushambulia. Jina amelipata kwa sababu muda mwingi yuko chini. Mtu asiyejua mchezo hawezi kumwona. Mimi namwona yeye tu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mteja amerudisha suruali, eti inanuka unyevu. Hata mimi nanuka unyevu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya nne, na Bi Viatu amekuja. Haya.

Leo aliwafanyia wasichana mahojiano ya kujaribu, kama watakayofanyiwa chuoni. Alikaa upande mmoja wa meza ya pasi, wao wakaingia mmoja mmoja. Mlingoti alijibu vizuri, akatia na chumvi kidogo. Ikaja zamu ya Sakafu.

"Mwaka huu umefanya jambo gani zuri?"

"Tumecheza vizuri."

"Wewe."

"Sisi... timu yetu imepanda."

"Mwanangu, wewe. Wewe peke yako."

Akatazama pasi kana kwamba itamjibu. Bi Viatu akabadilisha swali: jambo gani halikwenda vizuri? Lo! Maneno yakamtoka kama bomba lililopasuka. Mechi tuliyoshindwa ni kosa lake, jiografia ni kosa lake, hata binamu zake kuchelewa shule ni kosa lake.

Bi Viatu alinivuta nje, tukasimama chini ya bati. "Mama, umesikia? Mazuri yote ni yetu, mabaya yote ni langu. Huyu mtoto akikaa mbele ya watu wasiomjua atajimaliza kwa mdomo wake mwenyewe."

"Kwani wewe umewahi kushika mpira wa wavu?"

"Sijawahi."

"Basi."

Nilirudi ndani nikapiga pasi shati lililokwisha pigwa. Nilikasirika kwelikweli, na sijui mbona bado nimekasirika.

Jumapili, 23 Machi

Shangazi yake Sakafu amepita kuchukua mashuka. Ndiye anayemlea, na Sakafu ndiye anayewalea watoto wa shangazi, kwa hiyo sijui hasa nani anamlea nani. Si mtu mbaya. Amechoka tu, na uchovu wake unafika mlangoni kabla yake.

"Huo mpira wenu utaisha lini?"

"Majaribio ya chuo ni mwezi ujao."

"Kuna mama anatafuta msichana wa kukaa na watoto wake, mshahara na kulala hukohuko. Nimemwomba asubiri mpaka Aprili iishe. Asipopata chuo anakwenda. Mimi siwezi zaidi ya hapo, dada, nisikudanganye."

Nikamwambia atapata. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyoamini.

Ijumaa, 28 Machi

Bi Viatu ana mafua, amekuja hivyohivyo. Sakafu amepata hesabu zote kasoro moja. Nilimwuliza hiyo moja imekuwaje. "Langu," akasema, tukacheka wote isipokuwa Bi Viatu.

Alhamisi, 3 Aprili

Kesho wanakwenda majaribio, watalala bwenini mpaka Jumapili. Nimenyoosha jezi zote mwenyewe, hata soksi. Nani anapiga pasi soksi?

Jumapili, 6 Aprili

Wamerudi. Kocha wa chuo, mzee mmoja mpole niliyewahi kuzungumza naye kwa simu, amewaambia Mlingoti na Sakafu wasubiri habari njema. Wasichana wameimba njia nzima mpaka sauti zimekauka. Sakafu peke yake amekaa kimya, nikadhani ni furaha.

Jumatatu, 7 Aprili

Haikuwa furaha.

Kocha wa chuo amenipigia asubuhi nikiwa na mashati ya watu mkononi. Kwanza amenisalimia vizuri, akaniuliza habari za mvua, nikajua hapa pana jambo. Kisha akasema Mlingoti amechukuliwa. Sakafu, hapana.

Chuo kina ukumbi wa michezo wenye sakafu ya mbao, mpya. Jumamosi jioni wasichana waliachiwa ufunguo waende kuchukua viatu vyao. Mtu akauacha mlango wazi, mvua ikaingia kwa upepo usiku kucha, na mbao zimevimba. Alfajiri matroni wa bweni akamkuta Sakafu peke yake ukumbini, anakausha maji kwa taulo lake. Akawaita wote, akauliza hili ni kosa la nani. Sakafu akajibu, "Langu."

"Kocha," akaniambia yule mzee, "msichana wako ni mchezaji. Lakini mkuu wa chuo hawezi kumpa nafasi mtu aliyeharibu ukumbi siku ya pili tu ya kufika."

Nilikaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Neno lile nimelitia mimi kinywani mwake. Nimelipigia filimbi, nimelisifia, nimemkimbiza uwanja mzima siku alipolisahau.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemkalisha Sakafu kwenye chumba cha pasi, nikafunga mlango.

"Mlango uliuacha wewe?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulisema langu?"

Akanitazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Si ndivyo tunavyosema? Matroni aliuliza, wote wakanyamaza, wakaanza kutazamana. Nikasema ili wasitazamane. Nilijua tutaendelea."

"Tutaendelea na nini?"

"Na mazoezi."

Nilitoka nje. Kulikuwa na mvua, na nashukuru ilikuwepo, maana nililia kama mtoto na hakuna aliyejua. Nilipata moyo wa kumpigia Bi Viatu. Hakuniambia "nilikuambia." Alisema anakuja, na akaja katikati ya saa za kazi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempigia kocha wa chuo nikamweleza sheria yetu. Akasema, "Nimecheza miaka mingi, mama. Sijasikia mtu akikiri kosa kwa mazoea."

"Basi leo umesikia."

"Aje mwenyewe Jumatatu. Kama si yeye, aseme si yeye. Lakini tutataka kujua ni nani. Ukumbi haukujifungua."

Alhamisi, 10 Aprili

Nimerudi kutoka sokoni nimemkuta Mlingoti anafua viatu vyake vya mazoezi. Mlingoti! Mtu ambaye akiacha kikombe, mpaka kiote ukungu ndipo akikumbuke. Anasugua, haoni kama nimeingia.

Nikamwuliza tu, "Ulirudi ukumbini kufanya nini?"

Akatoa macho, kisha akaangusha brashi. Alirudi kuchukua simu yake. Alidhani wenzake wako nyuma yake watafunga. Alipoona maji asubuhi ndipo alipojua ni yeye.

"Basi useme," nikamwambia. "Kabla ya Jumatatu. Mpigie kocha mwenyewe."

"Mama mdogo, nikisema nitapoteza nafasi."

"Na mwenzako je?"

Akajibu taratibu, bila ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi: "Yeye ameshasema ni lake. Hakuna aliyemlazimisha."

Mtoto huyu nimemsuka nywele, nimemkeshea akiwa na homa. Leo nilimtazama kama mgeni aliyeingia na viatu.

Ijumaa, 11 Aprili

Hajapiga simu. Amekula vizuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Hajapiga simu. Sakafu naye amekuja mwenyewe, akanishika mkono. "Kocha, mimi najua ni nani. Niliona alama za viatu vyake kwenye maji. Usimseme. Ana mama yake anamtegemea."

"Na wewe nani anakutegemea?"

Akafikiri. "Hakuna," akasema, kama anaitaja faida.

Bi Viatu alikuwa pale. Alimwambia, "Kaa tufanye mazoezi. Rudia nyuma yangu: mimi sikuuacha mlango wazi." Walirudia alasiri nzima. Mara ya kwanza Sakafu aliyamung'unya mpaka hayakusikika. Jioni ilipoingia alikuwa anayasema akimtazama mtu usoni. Mimi niliendelea kunyoosha kola, nikihesabu nani atakuwa wangu na nani si wangu nikifanya ninalotaka kufanya.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwambia Mlingoti kesho twende wote. Amesema tumbo linamuuma.

Jumatatu, 14 Aprili

Nataka niandike yote kama yalivyokuwa, nisije baadaye nikajipamba.

Tulikwenda watatu, mimi, Bi Viatu na Sakafu. Ofisi ya kocha ina kabati la mipira, kiti kimoja kizuri na viti vinne vibaya. Kulikuwa na kocha mwenyewe, matroni, na mama mmoja anayesimamia wanafunzi, mwenye miwani ya kamba. Sakafu alipewa kiti kizuri, miguu haikugusa chini vizuri.

Mama wa miwani akauliza, "Binti, mlango uliuacha wewe wazi?"

Nilishika ukingo wa kiti. Midomo ya Sakafu ilianza kutengeneza lile neno, nawaapia niliiona. Kisha akamtazama yule mama usoni.

"Hapana. Mimi sikuuacha mlango wazi. Mimi nilikuta maji nikayakausha."

"Mbona ulimwambia matroni ni kosa lako?"

"Kwetu mtu akisema hivyo maana yake tusigombane. Sikujua kwamba hapa maana yake ni mimi."

Matroni akainamisha kichwa. Akasema ni kweli, mlango wa ukumbi alikuta umefunguliwa mpaka ukutani, na binti alikuwa ametoka bwenini muda mfupi tu, kitanda chake kilikuwa bado na joto. Hakuwaza hayo siku ile. Nilimpenda matroni kwa kusema hivyo.

"Vizuri," akasema mama wa miwani. "Basi ni nani?"

"Najua," akasema Sakafu. "Lakini simsemi."

"Ukimficha, unatuweka palepale."

"Nimeelewa."

Kocha akavua kofia, akaiweka mezani. Nilielewa maana ya kofia ile. Mkuu wa chuo anataka jina, na kama jina ni lile moja tu walilonalo, basi ndilo hilo. Sakafu alikaa wima, mikono magotini, tayari kurudi nyumbani. Aliokoa mpira wake, na sasa alikuwa anauachia uanguke kwake ili usimwangukie mwenzake.

Nikasema, "Ni mtoto wa dada yangu. Yule mrefu mliyemchukua. Aliniambia mwenyewe Alhamisi."

Bi Viatu alinishika bega. Sakafu aligeuka akanitazama, na sikuona shukrani hata chembe. "Kocha, nilikuomba," akasema.

"Uliniomba. Nimekataa."

Njia nzima ya kurudi hakunisemesha.

Jumanne, 15 Aprili

Dada yangu amepiga. Alikuwa amekwisha pigiwa na binti yake. "Umemuuza mwanangu. Nilikuachia umtunze, ukamuuza kwa mtoto wa watu." Nilimwacha aseme mpaka akamaliza. Yuko mbali, anafanya kazi mchana kutwa, na chuo kilikuwa ndicho alichokuwa anawasimulia wenzake.

Mlingoti amehamia kula upande wa pili wa chumba.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilimwuliza Bi Viatu kama nilifanya sawa. Nilitaka anivishe kilemba cha ukoka, siwezi kukana. Akasema, "Sijui. Ninachojua ni kwamba ungenyamaza, mimi nisingerudi." Halafu akachukua gazeti akaendelea na pembetatu zake. Nilimdharau mtu huyu kwa sababu ya viatu.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Chuo kimya.

Jumatatu, 28 Aprili

Kocha wa chuo amepiga. Sakafu amepata: masomo, bweni, vyote. Mlingoti amesogezwa mwaka mmoja, aje ajaribiwe tena kama wengine wote. Mzee akaongeza kwamba hakuwahi kuona mtu akiwa tayari kupoteza nafasi kwa heshima kama Sakafu, na angependa awe naye uwanjani kabla hajastaafu.

Nilikimbia kwenye mvua na ndara moja mpaka kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa anaosha vyombo. Alisikiliza, akakausha mikono, akakaa chini pale pale jikoni. "Nilishamwambia yule mama aandae chumba," akasema, akaanza kulia. Sakafu akampigapiga mgongo, akanitazama juu ya kichwa chake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanitabasamia.

Ijumaa, 2 Mei

Nimewaambia wasichana sheria ya "langu" naifuta. Sakafu akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Usiifute, Kocha. Mimi naona iishie kwenye mistari. Mtu akitoka uwanjani aseme mambo yalivyo."

"Wewe unaona hivyo?"

"Mimi naona hivyo."

Imepita.

Alhamisi, 8 Mei

Sakafu ameondoka asubuhi. Shangazi amemfungia chakula cha kutosha kijiji kizima. Mlingoti hakutoka kumuaga. Alisimama nyuma ya mashuka kwenye kamba, niliiona miguu yake.

Jumamosi, 10 Mei

Kumekucha bila mvua. Nimeanika tangu alfajiri na kila kitu kimekauka.

Nyumbani Mlingoti bado hanisemeshi. Mchana Bi Viatu alimwuliza kama atakuja kwenye hesabu, akapandisha mabega. Sikutia neno. Nimejifunza kwamba mdomo wangu si kila mahali unatakiwa.

Jioni nilizima pasi, nikatoka. Kiwanja kilikuwa kitupu, wasichana hawajafika, ila Mlingoti alikuwepo. Ameuchukua wavu mwenyewe, amefunga upande mmoja, na sasa anahangaika na upande wa pili, maana kamba ile inahitaji mmoja avute na mwingine afunge. Aliniona. Hakunisalimia, wala hakuondoka.

Akasogea kidogo, akaniachia nafasi. Nikavuta, akafunga.